Kibarua cha Monk Kilivyoota Nyasi

Kosa la Adrian Monk siku ile lilikuwa usafi. Polisi wa San Francisco wana maiti ya mwanamke isiyojulikana ni ya nani, kila mtu ana haraka, na yeye jicho limenasa kwenye kompyuta yenye uchafu. Akashindwa kuvumilia, akaisafisha. Alipomaliza kompyuta ilikuwa inang'aa, na mafaili ya uchunguzi wa maabara, kazi ya miaka, yalikuwa yamefutika. Kamishna Brooks hakutaka maelezo marefu. Leseni ikachukuliwa, na mtu aliyekuwa akiwafumbulia polisi kesi zilizowashinda akarudi nyumbani kibarua kimeota nyasi.

Hiyo ni sehemu mojawapo ya msimu wa tatu wa Monk, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia Julai 2002 hadi Desemba 2009, jumla sehemu 125. Sehemu hii ilitoka mwaka 2004, na imetungwa ili umchukie Kamishna. Ana majivuno, ana wigi kichwani, na mwishoni inabainika kwamba ushahidi uliokuwa ukitafutwa mji mzima alikuwa anatembea nao: wigi lile limeshonwa kwa nywele za marehemu. Wigi linang'olewa mbele za watu, mtazamaji anacheka, Monk anarudishiwa kazi, tunakwenda kulala.

Mara ya kwanza na mimi nilicheka. Hivi karibuni nimeirudia, na safari hii nimejikuta niko upande wa mwenye wigi. Kamishna hakukosea kumfukuza Monk. Aliyepaswa kuitwa na kuulizwa maswali ni Kapteni Leland Stottlemeyer wa kitengo cha mauaji, yule mwenye masharubu na moyo mzuri ambaye sote tunampenda.

Tuanze na ajira yenyewe. Monk alikuwa mpelelezi wa polisi hasa, tena wa kusifiwa. Mwaka 1997 mkewe, Trudy, akauawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari. Monk akavunjika. Polisi wakamwondoa kazini kwa sababu ya afya ya akili, akajifungia ndani miaka mitatu. Alipotoka alitoka na Sharona Fleming, muuguzi, ambaye humpa kitambaa chenye maji kila baada ya kupeana mkono na mtu. Maradhi yake humlazimisha kugusa nguzo za barabarani moja baada ya nyingine, na akiruka moja hurudi. Hofu zake zimehesabiwa zikafika 312, maziwa yakiwemo. Lakini mpeleke mahali palipouawa mtu. Atanyoosha viganja mbele yake, ataizunguka sebule taratibu kama fundi cherehani anayekadiria kitambaa kwa macho, halafu atauliza kwa nini zulia limehamishwa sentimita mbili.

Uaskari hauwezi tena, kwa hiyo wakamwita mshauri. Neno zuri hilo. Kwa lugha ya mtaani ni deiwaka: simu ikiita una kazi, isipoita huna. Natalie Teeger, mjane aliyeipokea kazi ya Sharona, hadi tamthilia inakwisha bado anamdai Monk malipo yake, na sisi tunacheka kwamba Monk ni bahili. Bahili ni kweli. Ila na yeye mwenyewe hajui mwezi ujao simu italia mara ngapi.

Na simu hiyo inapigwa na nani? Na Stottlemeyer, karibu kila mara.

Nilipata kufanya kazi katika ofisi moja, jina lake halituhusu, ambayo printa yake kubwa ilikuwa na fundi wake. Mzee mmoja, mwembamba, mwenye masharti kama mganga. Chumba kiwe kitupu. Vikombe vya chai vitoke. Mtu asimsemeshe. Alikuja na kipande chake mwenyewe cha khanga kuukuu, anaifuta printa nje yote kabla hajaigusa ndani, halafu analaza sikio juu ya mfuniko, anabonyeza, anasikiliza. "Roli la chini," anasema. Na kweli, ni roli la chini. Namba yake ya simu alikuwa nayo mhasibu peke yake. Mhasibu ndiye aliyempigia, ndiye aliyemlipa kutoka kwenye fungu la matumizi madogo, na kwenye vocha aliandika "usafi wa mashine" ili mambo yasiwe marefu. Miaka ikaenda hivyo. Siku mhasibu alipohamishiwa mkoani, mzee akaja na vocha yake kama kawaida. Mhasibu mpya, kijana mwenye adabu zake, akasimama kumpokea. "Shikamoo mzee. Samahani, wewe hapa ni nani?"

Swali halikuwa la dharau, lilikuwa la mtu anayesoma faili, na kwenye faili mzee hakuwemo. Alichukua kipande chake cha khanga akaondoka. Printa ilikaa wiki mbili.

Kamishna Brooks naye anasoma faili. Jaribu kukaa kwenye kiti chake. Unaambiwa kuna raia aliyeondolewa kazini kwa maradhi ya akili, anaingia na kutoka kwenye maeneo ya uchunguzi, anagusa vielelezo, anapanga upya vitu mezani kwa marehemu kwa kuwa havikukaa sawa, na leo amefuta kumbukumbu za maabara. Wakili yeyote wa jinai, awe wa Kisutu au wa San Francisco, anajua afanye nini na habari hiyo. Anasimama mbele ya hakimu anauliza kielelezo hiki kilipita mikononi mwa nani, na mmoja wao alikuwa na wadhifa gani. Kesi za watu waliokwisha kufungwa zinaanza kutikisika. Watunzi wa tamthilia hawakutaka tuwafikirie wafungwa hao, wala ndugu wa waliouawa, kwa sababu wangetuharibia mzaha wa wigi.

Stottlemeyer alijua haya yote. Alimjua Monk kuliko daktari wake. Alijua kwamba huyu mtu hawezi kukaa mbele ya uchafu akauacha, hivyo hakupaswa kuwa na kompyuta ya maabara mbele yake bila mtu pembeni. Kwa miaka alimwingiza kwa mlango wa uani kwa sababu mlango wa mbele una gharama: ungemlazimu aandike kwamba kitengo chake cha mauaji hakiwezi kazi bila mgonjwa mmoja wa nje. Hilo kapteni gani ataliweka kwenye karatasi? Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini huruma ile ilikuwa na faida kwa mwenye kuitoa, na bei alilipa Monk.

Tamthilia inaweza kulipita jambo hili kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba Monk hakosei. Akisema "ni huyu", ni huyu. Ukishampa mtu sifa hiyo, kila anayemuuliza kibali anakuwa mpumbavu. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna udhaifu huohuo tangu zamani. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, na kiko chake, Mzimu wa Watu wa Kale kikachapwa mwaka 1960, na tangu hapo mpaka leo sijamsikia mtu akiuliza Bwana Msa analipwa na nani, na akimtaja asiye mwenyewe itakuwaje.

Uingereza walipata jibu la swali hilo la pili. Julai 1992, mama kijana aitwaye Rachel Nickell aliuawa kwa kisu mchana kweupe kwenye eneo la wazi la Wimbledon Common, London, mbele ya mwanawe wa miaka miwili. Polisi hawakuwa na kielelezo cha maana. Walikuwa na mshauri, mwanasaikolojia Paul Britton, aliyekwisha kujijengea jina kwa kuchora wasifu wa wahalifu asiowajua. Wasifu ukachorwa. Kuna mwanamume mmoja mpweke, mwenye mbwa, aliyekuwa akitembea kwenye eneo lile, akaonekana anafanana nao. Basi likapangwa jambo ambalo ukilisoma leo unaona aibu: askari kanzu wa kike akaanza kumwandikia barua za mapenzi, akimchochea aseme mambo ya kikatili, kwa miezi, mshauri akiwa pembeni anaelekeza. Jamaa hakukiri. Alishtakiwa hivyohivyo Agosti 1993, akakaa mahabusu zaidi ya mwaka, hadi Septemba 1994 Jaji Ognall alipotupilia mbali ushahidi wote wa mtego ule na kesi ikafa.

Muuaji alikuwa Robert Napper, ambaye alikuja kukiri Desemba 2008. Novemba 1993, wakati asiye na hatia yuko mahabusu, Napper aliingia nyumbani kwa mwanamke mwingine kusini mashariki mwa London akamuua yeye na bintiye mdogo. Yule aliyesingiziwa alilipwa fidia ya pauni 706,000. Britton alipelekwa mbele ya chama cha wanasaikolojia, shauri likafutwa mwaka 2002 kwa kuwa muda mrefu mno ulikuwa umepita.

Sisemi Britton alikuwa tapeli. Ninachosema ni kwamba mshauri wa aina ile, anayesikilizwa kwa sababu ya jina lake, hana breki. Wapelelezi wanamtazama yeye, yeye anatazama wasifu wake, na hakuna mezani mtu mwenye kazi ya kusema "hapana". Baadaye polisi wa Uingereza waliweka utaratibu: washauri wa tabia za wahalifu wakawa wanaidhinishwa, na ripoti zao zinakaguliwa. Mchosho mtupu kwa mtunzi wa tamthilia. Hakuna atakayetengeneza sehemu 125 kuhusu mshauri anayejaza fomu.

Sasa usinione nimekuwa mtumwa wa mafaili. Kuna kisa cha Vancouver, Kanada, kinachonikaba koo kila nikikikumbuka, maana hapo waliofuata taratibu ndio waliofanya baya.

Kim Rossmo alikuwa konstebo aliyekuwa akienda chuo. Mwaka 1995 akapata shahada ya uzamivu ya taaluma ya uhalifu, jambo ambalo hakuna polisi wa Kanada aliyekuwa amelifanya kabla yake. Alichokuwa akikitafuta ni rahisi kukieleza na kigumu kukipigia hesabu: mhalifu anayerudia kosa hafanyi mlangoni kwake, lakini pia haendi mbali sana na anakokujua. Ukiwa na sehemu za kutosha alizofanyia uovu, unaweza kurudi nyuma ukakadiria anakolala. Kanuni yenyewe ilimjia mwaka 1991 akiwa ndani ya treni ya mwendo kasi huko Japani, akaiandika kwenye karatasi ya kufutia mikono. Kompyuta ikaigeuza kuwa ramani yenye rangi, na pale rangi inapokolea ndipo pa kubisha hodi kwanza. Polisi wa nchi nyingine wakaanza kumwomba msaada.

Mkuu wa polisi wa Vancouver wakati huo alifurahi naye, akamrusha kutoka konstebo moja kwa moja hadi inspekta wa upelelezi, kwa mkataba wa miaka mitano. Waliokuwa kwenye foleni ya vyeo kwa miaka ishirini walimwona akipita juu ya vichwa vyao na karatasi yake ya treni. Unaweza kuwalaumu, lakini nenda ofisi yoyote unayoijua, mrushe kijana hivyo, uone kama Jumatatu atapata mtu wa kunywa naye chai. Kisha mkuu aliyempandisha akaondoka.

Mwaka 1998 Rossmo aliingizwa katika suala la wanawake waliokuwa wakipotea katika mtaa wa Downtown Eastside, wanawake maskini, wengi wa jamii za wenyeji asilia, wengi wanaojiuza. Wakubwa walikuwa wakisema watakuwa wamehama tu. Ramani zake hapo hazikufaa, kwa sababu huwezi kuchora bila maiti wala mahali pa tukio. Alichofanya ni kuhesabu. Wangapi hupotea kwa kawaida, wangapi hupatikana baada ya muda, wangapi sasa hawajaonekana kabisa. Hesabu ikamwambia kwamba maelezo yanayoelekea zaidi ni kuwa kuna mtu anawaua mmoja mmoja. Akataka wananchi waonywe. Wenzake wakakataa.

Mwishoni mwa mwaka 2000 mkataba wake uliisha, haukuongezwa. Akaenda mahakamani, mwaka 2001 akashindwa. Kisheria mwajiri hakuwa na deni naye, na mimi nadhani jaji alikuwa sahihi, kama yule mhasibu kijana alivyokuwa sahihi.

Februari 2002 polisi waliingia kwenye shamba la nguruwe la Robert Pickton, Port Coquitlam, nje kidogo ya jiji. Vinasaba vya wanawake 33 vilipatikana humo. Mwaka 2007 alitiwa hatiani kwa mauaji ya sita kati yao. Watatu kati ya hao sita walionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001, mwaka ambao mtu aliyesema kuna muuaji alikuwa mahakamani akidai kazi yake. Polisi wa Vancouver walikuja kuomba radhi, na mwaka 2012 tume ya Wally Oppal ikatoa ripoti nzito juu ya jinsi walivyoshindwa.

Ukiwaweka Britton na Rossmo upande kwa upande, kinachosumbua si kwamba mmoja alikosea na mwingine akapatia. Ni kwamba ofisi zao hazikuwa na namna ya kuwatofautisha. Britton alisikilizwa kwa kuwa wenye kesi walimpenda, Rossmo akatemwa kwa kuwa waliobaki hawakumpenda. Hakuna mezani aliyeuliza: alitabiri nini safari iliyopita, kikatokea nini? Swali hilo hata fundi wa printa lingemsaidia. Angeulizwa, ingeonekana kwamba kila aliposema roli la chini lilikuwa roli la chini, na jina lake lingeandikwa mahali.

Ndiyo maana sina hasira na Brooks. Bosi anayefukuza mtu kwa sababu iliyoandikwa unaweza kumpinga kwa maandishi. Kibaya ni kuwa mtu wa mtu, kwa sababu wema wa mtu haukatiwi rufaa.

Mtu ataniambia: kwani Monk si alipewa beji mwishoni? Alipewa. Msimu wa nane, mwaka 2009, polisi wanamrudisha kazini rasmi, jambo alilolililia tangu sehemu ya kwanza. Na anakuwa na huzuni. Hana Natalie pembeni, ana zamu, ana mwenzi wa kazi, ana mambo ya kila siku ya askari ambayo hayahitaji kipaji chochote. Anairudisha beji kwa hiari yake. Niliposikia watu wakisema sehemu ile ni tamu, nilishangaa, kwangu ndiyo chungu kuliko zote. Kati ya deiwaka bila chochote na uaskari kamili wenye kila kitu, mji tajiri kama San Francisco haukufikiria cha katikati: mkataba wa maandishi, msaidizi anayelipwa na idara, na chumba kisicho na kompyuta ya mtu. Walimpa vitu viwili tu vya kuchagua, naye akachagua kile alichokizoea.

Natalie, ambaye alikuwa akiuliza habari za hela, hakuna aliyemsikiliza.

Filamu ya mwisho ilitoka Desemba 2023. Monk kazeeka na kajifungia tena baada ya janga la korona. Hafanyi kazi na polisi. Ameandika kitabu cha kumbukumbu za kesi zake, kirefu, kilichojaa habari za mashine za kusafishia mazulia, na mchapishaji hakitaki, kwa hiyo hela aliyoitegemea kwa harusi ya Molly, binti wa Trudy, haipo. Stottlemeyer naye si kapteni tena. Ameacha polisi, ni mkuu wa ulinzi wa bilionea mmoja.